Bidhaa ama huduma? Linganisha hizi sheria mbili kabla hujamtumia fundi dipoziti

Watu wengi huuliza haya maneno wakiwa wameshachelewa. Pesa imeenda kwa M-Pesa, kochi limekuja miguu haitoshani, ama nyumba imepigwa mabati mapya na mvua ya kwanza ya Aprili ikaingia hadi sebuleni, ndio sasa mtu anataka kujua sheria inasema aje. Mimi swali la kwanza huwa si ulilipa ngapi. Ni hili: ulikuwa unanunua kitu, ama ulikuwa unalipia kazi? Juu hapa Kenya hizo mbili hazikai chini ya sheria moja, na upande utakaoangukia ndio utaamua kama ni wewe utahangaika kutafuta ushahidi ama kitu chenyewe kitakuongelea.

Mimi si wakili. Kazi yangu hapa Kisumu ni kuandikia watu barua za madai na kuwapangia makaratasi kabla waende kortini, na kesi nyingi nazoona ni za pesa za kawaida kabisa, elfu thelathini, elfu themanini, pesa ambayo mtu ameweka kwa chama mwaka mzima halafu inapotelea kwa maneno ya mdomo. Hiyo huniuma, ndio maana naandika.

Kwanza tutoe kitu kimoja njiani. Ukigugo hili swali, majibu mengi yatakuja ya Marekani. Utaambiwa bidhaa zinaongozwa na UCC, ile sheria yao ya biashara, sehemu ya pili, huduma zinaongozwa na kanuni za mahakama za kila jimbo, na bidhaa za dola 500 kwenda juu lazima ziwe na maandishi. Huko kwao ni kweli, ukitoa Louisiana ambayo haikuichukua hiyo sehemu, lakini hakimu wa Kisumu hawezi kukuamulia kwa UCC. Ukipata za Uingereza pia angalia mwaka, juu wao walitunga sheria inayotaja huduma mwaka wa 1982, halafu ingine ya watumiaji 2015, na hizo zote hazikuvuka kuja huku. Sisi tulibaki na ile ya kitambo.

Zetu ziko hivi. Bidhaa zina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika 1931 na ambayo karibu yote imetolewa kwa ile ya Waingereza ya 1893. Huduma hazina kitabu chao. Ukilipia kazi unarudi kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ambayo ni fupi sana, na kazi yake kubwa ni kusema kwamba kwa mambo ya mikataba Kenya inafuata kanuni za mahakama za Uingereza. Yaani haki yako ya bidhaa unaweza kuisoma kifungu kwa kifungu, lakini haki yako ya huduma imetawanyika kwa hukumu za majaji, zingine za zamani sana. Halafu juu ya zote mbili kuna Katiba ya 2010, Kifungu 46, inayokupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa na fidia ukiumia, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ambayo inashika pande zote mbili. Nitairudia hiyo ya 2012 juu ndiyo imepunguza ile pengo.

Sasa tofauti yenyewe. Kwa bidhaa, Sura ya 31 inaingiza masharti ndani ya mapatano yenu hata kama hamkuyataja. Kifungu 14, anayekuuzia awe na haki ya kuuza, isije ikawa ni ya wizi. Kifungu 15, kitu kifanane na vile kilielezwa. Kifungu 16, kama muuzaji ni mtu wa hiyo biashara, kitu kiwe cha ubora wa kuuzika, na kama ulimwambia unakitakia kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kikufae kwa hiyo kazi. Kifungu 17, kama uliona sampuli, mzigo wote ufanane nayo. Na la maana kuliko yote ni kwamba muuzaji hawezi kujitetea ati hakujua, ati yeye pia aliletewa hivyo kutoka Nairobi, ati alijaribu. Friji haigandishi, basi imeisha. Huna haja ya kuthibitisha alikosea wapi.

Kwa huduma ni kinyume. Fundi, daktari, wakili, mtu wa kuchimba kisima, wote wanadaiwa uangalifu na ujuzi ule ambao mtu wa kawaida wa hiyo kazi angekuwa nao. Hawadaiwi matokeo, isipokuwa waliyaahidi. Hapa ndipo watu huumia bila kuelewa kwa nini. Chukua mtu amelipa kuchimbiwa kisima huko upande wa Nyakach, mashine imeshuka mita themanini, kavu. Je, alinunua maji? Hapana, alilipia kuchimba. Kama mchimbaji alifanya kazi yake vizuri, pesa ni yake, na ukitaka kumshinda lazima ulete mtu anayejua hiyo kazi aseme alikosea mahali fulani. Huyo mtu naye atataka kulipwa. Lakini kama mliandikiana "maji yasipopatikana nitalipa nusu", mambo yote yamebadilika, sasa mnaongelea ahadi na si ujuzi.

Kwa hivyo kama kuna kitu kimoja nakuomba ukishike ni hiki: ukinunua bidhaa, sheria imekuandikia ahadi kubwa kubwa tayari, ukilipia huduma, matokeo unayoyataka lazima uyaandike wewe.

Hata hivyo maisha hayajagawanyika vizuri hivyo, na hapo ndipo ulinganisho unakuwa na kazi. Twende pale Kibuye, kwa hawa mafundi wa makochi walio kando ya barabara, juu kochi moja linaweza kuwa bidhaa asubuhi na huduma jioni kutegemea vile umelipatana.

Kochi liko tayari, umelionyesha kwa kidole. Hiyo ni bidhaa moja kwa moja, lakini kuna mtego ambao karibu hakuna mtu huujua. Unamwambia, "Fundi, hilo la kahawia ni langu, kesho nakuja na pikapu." Anakujibu, "Sawa mama, hilo sasa halina mwingine." Mmeelewana bei. Kwa kifungu 20, kama kitu ni hicho hicho mlichokiona na kiko tayari kubebwa, umiliki unapita pale pale mnapoelewana, hata kama hujamaliza kulipa, hata kama bado kiko kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na kifungu 22 kinasema hasara inafuata umiliki. Moto ukishika vibanda usiku huo, kochi lililoungua linaweza kuhesabiwa ni lako na bado ukadaiwa salio. Ukitaka kujikinga ni ujumbe mmoja tu: "Kochi linabaki mikononi mwako na hasara ni yako mpaka lifike kwangu Nyalenda." Akijibu sawa, umemaliza. Na kama kulikuwa na kitu bado anatakiwa kufanya, tuseme abadilishe kitambaa ama apige vanishi, umiliki haupiti mpaka amalize na akujulishe. Hiyo ya kukujulisha ni muhimu, weka kumbukumbu ya simu ama ujumbe.

Kochi la kuagiza, yeye analeta mbao, foma na kitambaa. Hapa watu hubishana. Mimi nasimama upande wa bidhaa, na kuna kesi ya Uingereza ya 1861, Lee v Griffin, ya daktari wa meno aliyetengenezea mtu meno ya bandia kwa kipimo chake. Kazi ilikuwa ya ujuzi mwingi, lakini korti ikasema mwisho wa siku kuna kitu kinatoka kwa huyu kinakuwa mali ya yule, basi ni uuzaji wa bidhaa. Kochi, kitanda, geti, sanduku la maiti, sare za shule, zote naziweka hapo. Baadaye mwaka wa 1935 ikaja Robinson v Graves, ya mchoraji aliyeagizwa kuchora picha ya mtu, na hapo korti ikasema kile hasa kilinunuliwa ni kipaji na kazi ya mkono, rangi na kitambaa ni vitu vidogo pembeni, kwa hivyo ni huduma. Hukumu za huko hazimfungi hakimu wetu, ni za kumshawishi tu, lakini swali analouliza ni lile lile: kiini cha haya mapatano ni nini, kitu ama kazi?

Kochi la mbao zako mwenyewe. Umeangusha mti nyumbani huko Siaya, umepasua mbao, umenunua kitambaa, fundi analeta mikono tu. Hiyo ni huduma. Mbao zikipinda baada ya miezi miwili juu zilikuwa mbichi, ni juu yako, labda uthibitishe kwamba fundi yeyote makini angekuambia zikauke kwanza na yeye hakukuambia. Wengi hufanya hivi wakidhani wanaokoa pesa. Unaokoa kweli, lakini umejitoa kwa Sura ya 31 bila kujua.

Na kochi la zamani kuvikwa kitambaa kipya: kazi ni huduma, lakini kitambaa na foma alizoleta zinabeba ahadi ya ubora hata hivyo, nitaeleza kwa nini.

Hili linatuleta kwa uamuzi ambao kila mtu anayejenga hukutana nao, kuanzia Mamboleo hadi Kakamega hadi Njoro: leba peke yake, ama kontrakta alete kila kitu? Watu hulinganisha kwa bei tu. Mimi nataka ulinganishe kwa swali la nani utamshika mambo yakiharibika.

Ukinunua mabati na misumari mwenyewe halafu ulipe leba, una mikataba miwili. Mmoja ni wa bidhaa na hadwea, mwingine ni wa huduma na fundi. Kwa karatasi inaonekana nzuri, juu mabati yana ulinzi wote wa Sura ya 31. Lakini paa likivuja, hadwea inasema fundi alipiga misumari vibaya, fundi anasema mabati ni ya geji nyepesi kuliko ile iliyoandikwa, na wewe uko katikati na bakuli la kukinga maji. Kila mmoja anakutaka uthibitishe ni mwenzake. Hapo ushindi unategemea kama una risiti inayosema geji na kama ulipiga picha kabla hayajapanda.

Ukimpa mtu mmoja kila kitu, vifaa na kazi, mkataba ni mmoja, na kwa kawaida korti itauona kama wa kazi na vifaa, yaani huduma. Watu huogopa hapo wakidhani wamepoteza ile nguvu ya bidhaa. Hawajapoteza yote. Kuna kesi ya House of Lords, wakati huo korti ya juu kabisa ya Uingereza, iliyoripotiwa 1969, Young & Marten v McManus Childs, ya vigae vya paa. Mwenye kazi ndiye alichagua aina ya vigae, kontrakta akanunua hivyo hivyo, vilionekana vizuri tu kwa macho, lakini kiwandani vilikuwa vimetengenezwa vibaya na hali ya hewa ikaviharibu kabla ya muda. Kontrakta hakuwa na kosa lolote la kazi. Bado akapatikana anawajibika kwa ubora wa vigae, juu yeye ndiye alivileta, na yeye ndiye ana njia ya kumfuata aliyemuuzia. Kwa hivyo kwa mkataba wa kazi na vifaa, vifaa vinabeba ahadi kama ya bidhaa, na kazi inabeba ile ahadi nyepesi ya uangalifu. Na faida kubwa ni kwamba unamshika mtu mmoja, akivuta huku umemshika, akivuta kule umemshika.

Ushauri wangu, na siogopi kuusema: kama kitu kikiharibika itakuwa vigumu kujua ni kifaa ama ni kazi, tafuta mtu mmoja alete zote. Paa, sola na betri zake, pampu ya kisima, mabomba ndani ya ukuta, hizo zote ni za mtu mmoja. Kama kosa litaonekana wazi ni la nani, nunua mwenyewe ulipe leba. Kupaka rangi, kupiga plasta, kushona nguo kwa kitambaa chako, kulima shamba kwa trekta. Hapo okoa pesa yako bila wasiwasi.

Na ukinunua mwenyewe, kuna namna ya kuagiza. Kifungu 16 kinasema kwamba ukiomba kitu kwa jina lake la biashara, ile ahadi ya kukufaa kwa kazi yako haiingii. Ukienda hadwea ukisema "nipatie pampu ya kampuni fulani namba fulani", umechagua mwenyewe, isiposukuma maji mpaka juu shauri yako, bora tu iwe nzima. Lakini ukisema "kisima changu kina mita arobaini, tanki liko juu ya nyumba, nipatie pampu itakayofika", sasa umetaja kazi na umetegemea ujuzi wake. Ni pampu ile ile, bei ile ile, lakini haki umepata mbili. Andika hayo kwa WhatsApp kabla hujaenda dukani, yeye akujibu, uwe nayo. Pia kumbuka ukikagua kitu kabla ya kununua, kasoro ambayo huo ukaguzi ulifaa kuionyesha hutaweza kuilalamikia baadaye kama ni suala la ubora. Kwa hivyo usijifanye umekagua kama hujakagua, na usitie sahihi palipoandikwa umekagua ukaridhika wakati boksi halijafunguliwa.

Bidhaa za jirani, simu ya mtu unayemjua, kabati la mtu anayehama: masharti ya ubora ya kifungu 16 ni ya wanaofanya hiyo biashara. Jirani anayeuza tu cha kwake hayamgusi. Ile ya kuwa na haki ya kuuza bado inamgusa.

Kukataa na kuacha nako kuna tofauti kubwa. Bidhaa ikiwa mbaya unaweza kuikataa, lakini lazima ukatae mapema. Kifungu 36 kinakuhesabu umekubali ukisema umekubali, ama ukiitumia kama mwenye mali, ama ukikaa nayo muda mrefu bila kusema kitu. Ukishakubali, hurudishi tena, unabaki na fidia tu. Watu wetu wana heshima sana, mtu anaona kochi limepasuka siku ya kwanza, anasema wacha nimpigie wiki ijayo asione namsumbua, wiki inakuwa mwezi. Usifanye hivyo. Piga picha siku hiyo hiyo, tuma, andika "nalikataa". Na hulazimiki kulibeba kulirudisha, ukishamjulisha kwamba umelikataa inatosha, aje alichukue, labda mlikubaliana vingine.

Huduma haikataliwi hivyo, juu huwezi kumrudishia mtu leba yake. Kinachotokea ni mabishano ya nani analipa nini kazi ikiwa nusu. Hapa kuna kesi ninayoipenda sana juu inaonyesha ile mistari miwili ndani ya jambo moja, Sumpter v Hedges ya 1898. Mjenzi alikubali kujenga kwa pauni 565, akafanya ya kama pauni 333, pesa ikamuishia akaacha. Mwenye shamba akamaliza mwenyewe akitumia vifaa vilivyoachwa pale. Korti ikasema kwa kazi aliyoiacha njiani mjenzi hapati kitu, juu mkataba ulikuwa wa kazi nzima na mwenye shamba hakuwa na chaguo, nyumba ilikuwa imesimama kwa ardhi yake. Lakini vifaa vilivyokuwa havijajengwa bado, hivyo alivilipia, juu hivyo alikuwa na chaguo la kutovitumia. Ona sasa. Kazi kando, vitu kando. Ndio maana namwambia kila mtu anayejenga: lipa kwa hatua, andika kila hatua ni nini, na fundi akitoroka hesabu na upige picha vifaa alivyoacha kabla hujagusa.

Matanga ndio mfano mwingine ambao huku kwetu haukwepeki, juu ndani ya siku moja familia inaingia mikataba ya kila aina bila hata mtu mmoja kutulia kufikiria. Jeneza ni bidhaa, limetengenezwa kwa kipimo lakini ni bidhaa. Hema na viti ni kukodisha, si kununua, lakini sheria ya 2012 inasema zile ahadi za bidhaa zinashika pia bidhaa zilizokodishwa kwa mtumiaji, kwa hivyo hema linalovuja si la kuvumilia tu. Chakula cha kupikiwa ni mchanganyiko, kama wapishi wanaleta nyama na unga wao, vifaa vinabeba ahadi ya ubora, na kazi ya kupika ni huduma. Mtu wa spika na mtu wa video ni huduma tupu. Na kwa hizi za huduma kinachouma zaidi ni wakati. Kama hamkutaja siku, sheria inampa muda unaofaa, na mazishi hayana muda unaofaa, yana Jumamosi saa nne. Kwa hivyo taja tarehe na saa na useme wazi akichelewa mkataba umeisha na dipoziti inarudi. Usione haya, hata kama ni jamaa.

Miwa na mahindi yakiwa bado shambani, nitapita haraka: kama yameuzwa yakatwe, ni bidhaa, Sura ya 31 inayataja mazao yanayokua. Kukata na kubeba ni huduma. Shamba lenyewe si hili wala lile, hilo lazima liwe na maandishi yenye sahihi na mashahidi. Na shemeji akikuambia "asipolipa nitalipa mimi", bila maandishi yenye sahihi yake hiyo dhamana haikusaidii kortini, haijalishi deni ni la bidhaa ama la kazi.

Tukiwa kwa maandishi, kuna kitu cha Sura ya 31 kinachoshangaza watu. Kifungu 6 kinasema mkataba wa bidhaa wa shilingi 200 na zaidi hauwezi kulazimishwa kortini isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa na kuikubali, ama ametoa malipo ya kufunga mapatano, ama kuna maandishi yaliyotiwa sahihi. Shilingi 200 leo haikununulii hata kuku, kwa hivyo karibu kila biashara inaangukia hapo. Huduma hazina sharti hilo, ya mdomo inatosha ukiweza kuithibitisha. Ndio maana kwa bidhaa nasema hata kama mmeaminiana vipi, tuma kitu, hata elfu moja, na uandike ni ya nini.

Sasa ile sheria ya 2012. Imefanya mambo ambayo mtu wa kawaida anafaa kuyajua. Kwanza, bidhaa na huduma zote mbili muuzaji anahesabiwa ameahidi ubora unaokubalika. Kwa hivyo fundi hawezi kukuambia ati kwa huduma hakuna ahadi yoyote. Bado utahitaji kuonyesha kwamba kazi haikufikia hapo, lakini una mahali pa kusimama. Pili, yale maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", hayafuti masharti ya Sura ya 31 kwa mtumiaji. Watu wengi hurudi nyumbani wakiwa wameona hayo maandishi na kukata tamaa. Usikate. Tatu, na hii ni ya upande wa kazi zaidi: kama mapatano yalikuwa na makadirio ya bei, anayekuhudumia hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya hayo makadirio, labda mkubaliane upya. Gereji ikikuambia elfu ishirini halafu gari likimalizika iwe thelathini na tano bila kukupigia simu, una la kusema. Shida ni kwamba makadirio mengi ni ya mdomo, kwa hivyo jibu lako la WhatsApp liwe "sawa, umesema elfu ishirini pamoja na vipuri", na umruhusu akatae kama si hivyo.

Kama jambo lenu limeshaharibika, hapa hiyo tofauti haikupeleki majengo mawili tofauti. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza mikataba ya bidhaa na ya huduma yote, mpaka shilingi milioni moja, Kisumu iko, Nakuru iko, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka sita, pande zote mbili, ingawa ukingoja hivyo picha zitapotea na shahidi atakuwa amehamia Mombasa. Unapojaza dai lako usichague upande mmoja kama una wasiwasi. Andika kwamba vifaa alivyoleta havikuwa vya ubora, na andika pia kwamba kazi haikufanywa kwa uangalifu, na kama aliahidi matokeo, nukuu ujumbe wake wenyewe na tarehe. Hakimu akiona ni bidhaa atatumia la kwanza, akiona ni huduma atatumia la pili, na la tatu litasimama kwa vyovyote.